Kabla hujabadili distro, iulize mashine yenyewe

Tangu Windows 10 ikatiwe sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, huku Arua, Uganda, watu wananiuliza habari za Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kuliko zamani, na mi nafurahi kweli, maana laptopu nyingi tulizonazo ni zile za 2011, 2012, 2013 hivi, zimeingia nchini zikiwa zimeshatumika, na Windows 11 haizitaki kabisa, inadai TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, sasa mtu afanyeje, aitupe mashine nzima ambayo inawaka na kibodi yake bado nzuri kuliko za siku hizi? Hapana. Anaiwekea Linux na kazi inaendelea.

Ila kuna jambo linaniuma na leo nimeona niliandike kwa kirefu. Mtu anaambiwa Linux ni nyepesi, anaweka Mint, moja ya distro, yaani matoleo ya Linux, mashine inasuasua. Anauliza, anajibiwa hiyo nzito, weka Lubuntu. Anaweka Lubuntu, bado inasuasua. Anajibiwa basi mashine yako ni ya antiX tu. Na kila mara anashusha faili lingine, Mint peke yake inakaribia GB 3, na bando zetu tunazijua, tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, kwa hiyo kila distro anayojaribu ni hela ya mboga inaondoka. Mwishowe anarudi Windows yake ya zamani isiyo na apdeti na kusema alidanganywa. Na katika wote waliomshauri hakuna hata mmoja aliyemwambia aiulize mashine: unasubiri nini?

Maana mashine ikiwa nzito kuna kitu inakisubiri. Inasubiri diski, au ram imejaa, au prosesa imezidiwa kweli, au prosesa ina nguvu zake zote lakini kuna mtu kaishika mguu. Dalili kwenye skrini ni ile ile, unabonyeza hakuna kitu, kishale kinazunguka, lakini dawa zake hazifanani hata kidogo. Na uzuri wa Linux ni kwamba majibu karibu yote yamo humo humo ndani, bure, bila kununua programu na bila hata kuwasha intaneti.

Nitawapa mfano mmoja wa kweli.

Kuna mama ana duka la kuchapa na fotokopi karibu na soko. Wateja wake wengi ni wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara upande wa Congo, wanataka invoisi, barua, fomu za kuskani, na kila mtu ana haraka maana gari linasubiri. Laptopu yake ni Dell Latitude E6420, ndani ina prosesa ya Core i5-2520M, ram GB 4, na tayari ilishawekwa SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, juu yake Linux Mint ya Xfce, yaani yenye madirisha mepesi. Kwa vifaa hivyo LibreOffice Writer inatakiwa ifunguke ndani ya sekunde chache tu. Yake ilikuwa inachukua muda mpaka mteja anaweka mzigo chini na kuanza kutafuta pa kukaa.

"Fundi, kijana wa jirani ameniambia niweke Linux ingine," akaniambia, "eti hii ndo nzito."

"Mama, tusibadilishe kitu kwanza. Wewe endelea na kazi yako, mi niache niiangalie hivi hivi ikiwa inafanya kazi."

Hapo ndo pa kuanzia, na watu wengi hawaanzii hapo. Wanairiset, wanafunga kila kitu, halafu ndo wanaanza kupima, sasa unapima nini wakati mzigo wenyewe umeshaushusha? Mashine ipime ikiwa inaumwa. Acha tabu za brauza wazi, acha printa inachapa, acha kila kitu kama kilivyo siku ya kazi.

Nikafungua taminali, lile dirisha la kuandika komandi, nikaandika `top`. Ile mistari ya juu ndo ina habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mstari unaanza na %Cpu(s), ndani yake kuna herufi mbili mbili, us, sy, id, wa. Angalia `us` na `wa`. Hiyo `wa` ni muda ambao prosesa imekaa bure kwa sababu inasubiri diski ilete kitu, ikiwa juu, asilimia 30, 50, 70, basi mwenye matatizo ni diski na hata ukiweka distro nyepesi kuliko zote duniani bado utalia. Hiyo `us` ni kazi halisi za programu zako. Kuna na load average kule juu kabisa, lakini hiyo isikutishe peke yake, kwenye Linux inahesabu hata kazi zilizoganda zikisubiri diski, kwa hiyo inaweza ikasoma 8 wakati prosesa imelala.

Kwa mama, `wa` ilikuwa karibu na sifuri. Lakini `us` ilikuwa zaidi ya 90 na haishuki. Diski basi haina kosa, SSD inafanya kazi yake.

Nikaangalia ram kwa `free -h`. Hapa pia watu wanapotea sana, wanaona safu ya free inasoma MB 150 wanashtuka, kumbe Linux ram isiyotumika haiiachi ikae bure, inaijaza na vipande vya mafaili iliyosoma karibuni ili ikivihitaji tena isirudi kwenye diski, na ukihitaji ram inaviachia mara moja. Safu ya kuangalia ni ile ya mwisho, available. Ya mama ilikuwa imebaki zaidi ya GB 1. Ram haina kosa.

Sasa imebaki prosesa, na hapa ndo pananifurahisha mimi. Ile i5-2520M si prosesa ya kuchekwa, ina kori mbili, nyuzi nne, kasi yake ya kawaida ni GHz 2.5 na ikipewa kazi inapanda mpaka 3.2. Kuchapa barua kwa LibreOffice hakuwezi kuijaza. Kama imejaa kwa kazi ndogo hivyo, basi aidha kuna programu imepagawa, au prosesa yenyewe haiendi kasi yake. Kwenye orodha ya `top` hakukuwa na programu hata moja iliyopagawa, Writer kidogo, brauza kidogo, Xorg inayochora skrini kidogo, kila mtu anajikongoja. Nikaandika:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Hiyo inakuonyesha kila sekunde kasi ya kila uzi wa prosesa. Ikatoka mistari minne, yote inasoma 798 na vipointi. Nikamwambia mama afungue faili kubwa la wateja wake, nikakaza macho kwenye namba. 798. 798. 798. 798. Hazitikisiki. Mashine nzima ya GHz 2.5 inatembea chini ya theluthi moja ya kasi yake, na imebanwa hapo.

Kitu cha kwanza kinachoibana prosesa hivyo ni joto. Huku kwetu vumbi la murram linaingia kila mahali, feni inaziba, dawa ya prosesa, ile grisi ya kupitisha joto, inakauka kama udongo, joto linafika 95 kwenda juu na prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Nikaangalia kwa `sensors`, digrii 50 na kidogo. Baridi kabisa. Halafu ingekuwa joto, namba zingekuwa zinapanda na kushuka, si kukaa palepale kama msumari, na kwenye `dmesg`, kumbukumbu za mfumo, ungeona maneno cpu clock throttled. Hamna.

Cha pili watu wanachokimbilia ni gavana, ile mipangilio ya nishati. Ukiangalia ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor ukakuta imeandikwa powersave, usiogope na usianze kufuata video zinazosema ubadilishe haraka. Kwa Intel ambazo faili la scaling_driver hapo hapo linasoma intel_pstate, powersave ndo hali ya kawaida, kasi inapanda yenyewe kazi ikija. Kwa mama ilikuwa powersave, nikaibadili kuwa performance kwa majaribio tu, namba zikabaki 798. Basi anayeibana si Linux. Ni kitu kilicho chini ya Linux.

Nikamuuliza, "Mama, asubuhi ukiiwasha, inawaka moja kwa moja?"

"Hapana, inaleta maandishi kwanza. Mi nabonyeza F1 inaendelea."

Tukaizima, tukaiwasha. Kweli, kabla hata nembo ya Mint haijatokea, skrini nyeusi, maandishi meupe: aina ya chaja haijulikani, betri haitachaji, na mfumo utapunguza kasi ulingane na umeme uliopo, bonyeza F1 kuendelea. Mashine ilikuwa inalisema tatizo lake kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, ila nani ana muda wa kusoma maandishi ya kiufundi na mteja amesimama mlangoni?

Nieleze hapa vizuri maana naamini hili linawasumbua watu wengi bila kujua. Chaja za Dell zenye kichwa cha duara zina pini nyembamba katikati, kama sindano. Ile pini haipitishi umeme wa kuendesha laptopu. Kazi yake ni mawasiliano tu, ndani ya chaja halisi kuna kachipu kadogo kanachoiambia laptopu mi ni chaja ya wati 65, au 90, au 130. Laptopu ikiuliza na isipojibiwa, inajilinda: inakubali kuwaka, inakataa kuchaji betri, na prosesa inaishusha mpaka kasi ya chini kabisa ili isivute umeme mwingi kwenye chaja isiyoijua. Kwa i5 hii kasi ya chini ndo hiyo 800. Sasa pini ikipinda, ikikatika, au chaja ikiwa ya kuiga na ndani haina kachipu, matokeo ni hayo hayo. Taa ya chaja inawaka, laptopu inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, ila unatembelea theluthi ya mashine yako.

Nikachukua kile kichwa cha chaja, nikakimulika na tochi ya simu. Pini ipo, imenyooka. Nikageuza lile tofali la chaja, maandishi yake yamechapwa kiholela, volti 19.5 imeandikwa lakini herufi zinafutika kwa kidole. Mama akasema chaja ya kwanza iliungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika usiku, akanunua hii kwa haraka maana kazi haiwezi kusimama, na aliyemuuzia alimwambia zote ni sawa. Simlaumu mama hata kidogo. Ukiwa na wateja kumi mlangoni unanunua kinachowasha mashine.

Kwenye begi nilikuwa na chaja halisi ya wati 90. Nikachomoa yake, nikaiwasha mashine na yangu, yale maandishi meupe hayakutokea tena, ikaenda moja kwa moja Mint. Nikafungua ile `watch` tena, mama akafungua lile faili kubwa la wateja, na zile namba zikaruka, 2890, 3100, 2500, zinacheza. Faili limefunguka kabla hajaondoa mkono kwenye mausi. Akaniangalia, akaangalia skrini, akafunga faili akalifungua tena.

"Mwanangu, umeweka nini?"

Hakuna kilichowekwa. Mint ni ile ile, Xfce ile ile, SSD ile ile.

Kuna njia ya kujipima hata kama huna chaja ya pili. Kama betri yako bado inashika kidogo, chomoa chaja ukiwa unaangalia zile MHz. Laptopu yenye tatizo hili ukiitoa kwenye umeme inakuwa nyepesi, kinyume na unavyotarajia, maana ikiwa kwenye betri haina chaja ya kuitilia shaka. Mtu akikuambia laptopu yangu ina kasi umeme ukikatika na nzito umeme ukiwepo, usimcheke, anakuelezea tatizo la chaja kwa usahihi kabisa. Na ukiingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, kwa F2 wakati inawaka, kwenye General halafu Battery Information, utaona aina ya chaja ilivyotambuliwa.

Mtandaoni utakuta watu wanatoa ujanja wa kuilazimisha prosesa, kuandika kwenye rejista ya 0x1FC kwa komandi ya `wrmsr`, au kuongeza `processor.ignore_ppc=1` kwenye GRUB, ile inayoiwasha Linux. Ni vitu vya kweli na kwenye baadhi ya mashine vinafanya kazi. Mimi simshauri mtu anayefanyia biashara afanye hivyo kama hajui chaja yake ni ya wati ngapi kweli. Ile laptopu inajizuia kwa sababu haijui kama chaja itaweza, ukiilazimisha na chaja yenyewe ni dhaifu, unapata moto au harufu ya plastiki usiku, na duka lote ni makaratasi. Tafuta chaja halisi hata ya kutumika, ijaribu hapo hapo dukani kwa muuzaji ukiwa na laptopu yako, washa, ukiona yale maandishi, mrudishie. Na ukishaipata, weka stebilaiza au hata ekstenshoni yenye ulinzi, kwa sababu umeme wa kurudi kwa kishindo ndo ulioanzisha safari yote hii.

Basi kwa mama tulimaliza kubwa, lakini nilipokuwa pale nikafanya na vidogo viwili, na hivi vinafaa mashine karibu zote za GB 4.

Kwanza zram. Ni sehemu ya ram inayotumika kama swapu, ile nafasi ya kuhamishia vitu ram ikijaa ambayo kwa kawaida iko kwenye diski, lakini vitu vinabanwa kabla ya kuwekwa, kwa hiyo brauza ikijaza ram, badala ya kukimbilia diski inabana humo humo, na kubana ni kazi ya prosesa ambayo ina haraka kuliko diski yoyote. Fedora wameifanya kuwa kawaida yao tangu Fedora 33 mwaka 2020. Kwenye Mint na Ubuntu unaweka mwenyewe, `sudo apt install zram-tools`, halafu unafungua /etc/default/zramswap unaandika ALGO=zstd na PERCENT=50, unairiset huduma ya zramswap, basi. Ule ushauri wa kushusha swappiness, kiasi mfumo unavyopenda kutumia swapu, mpaka 10 unaozunguka kila mahali ulikuwa na maana kwenye diski za kuzunguka, ukishaweka zram hauna maana tena, acha 60 ilivyo au hata ipandishe 100.

Pili kuwaka. Mashine yake ilikuwa inakaa dakika moja na nusu kwenye kuwaka bila kufanya chochote. Dakika moja na nusu kamili, hiyo namba ukiiona jua kabisa ni systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, inasubiri kitu kisichokuwepo, maana sekunde 90 ndo muda wake wa kukata tamaa. Aliyemwekea SSD alikopi kila kitu kutoka diski ya zamani, halafu partishoni ya swapu akaiacha nyuma, ila ndani ya /etc/fstab, orodha ya partishoni za kufungua, UUID yake, yaani namba ya utambulisho, bado imeandikwa. Nikaweka alama ya # mbele ya mstari huo, na nikaangalia kama /etc/initramfs-tools/conf.d/resume nayo haiitaji UUID ile ile iliyokufa, ilikuwa inaitaja, nikaandika RESUME=none, nikaendesha `sudo update-initramfs -u`. Ukitaka kuona kinachochelewesha kuwaka kwako tumia `systemd-analyze critical-chain`. Kuna na `systemd-analyze blame` lakini hiyo inakupa orodha ya vilivyochukua muda mrefu hata kama vilikuwa vinaenda sambamba na vingine bila kumzuia mtu, watu wanazima huduma za watu bure kwa sababu ya hiyo orodha.

Xfce nilizima zile vivuli na uwazi wa madirisha, Window Manager Tweaks, Compositor, toa tiki. Inasaidia kidogo kwa grafiki za zamani, si muujiza.

Sasa msinielewe vibaya nikaonekana nasema kila uzito ni chaja. Mashine nyingi zinazonifikia tatizo ni diski, tena kwa mbali. Diski ya kuzunguka inaweza kutafuta vitu vilivyotawanyika kama mara mia hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafanya makumi ya maelfu, na mfumo ukiwaka au brauza ikifunguka ni maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika. Hiyo peke yake inatosha. Na kama diski inakufa ndo mbaya zaidi, inajaribu kusoma sehemu moja mara nyingi nyingi na mfumo mzima unaganda ukiisubiri. Weka smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, andika `sudo smartctl -a /dev/sda`, angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, ile namba ya mwisho kabisa kulia. Ikiwa pending si sifuri, acha habari za wepesi, kopi mafaili yako leo, si kesho. Ikiwa UDMA_CRC_Error_Count ndo inapanda na hizo zingine ni sifuri, kwenye desktopu mara nyingi ni waya tu, badilisha waya wa SATA kabla hujanunua diski. Niliwahi kupewa desktopu ya shule moja iliyokuwa inaganda kila baada ya dakika chache, wameshaipitisha kwenye distro kadhaa, waya wa elfu chache ndo uliokuwa unasumbua.

Na kwa wale wa ram GB 2, niseme ukweli, hakuna distro itakayofanya brauza ya leo kuwa nyepesi kwenye GB 2. Mfumo wenyewe utakaa, LXQt ya Lubuntu itakaa, antiX itakaa vizuri kabisa, ila ukifungua Facebook na barua pepe na WhatsApp kwenye brauza kwa pamoja, hizo kurasa peke yake zinaimaliza. Kwa mashine hizo hela ya kwanza iende kwenye ram. Zile DDR3 za kutumika zipo nyingi tu kwa mafundi, na ni kazi ya bisibisi moja. Na kama prosesa yako ni ya biti 32, jua milango inafungwa, Ubuntu waliacha kutoa desktopu ya biti 32 tangu 17.10, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena instola yake. Andika `lscpu`, ukiona kwenye CPU op-mode(s) kuna 64-bit, uko salama, hata kama Windows uliyoikuta humo ilikuwa ya biti 32.

Mwisho kwa wanaokwenda kununua used, iwe Kampala au hapa hapa. Nenda na fleshi yenye Mint tayari. Mwambie muuzaji unataka kuwasha kwa fleshi, haigusi diski yake. Hakikisha laptopu imechomekwa chaja ile ile utakayoondoka nayo. Soma kila kinachotokea kwenye skrini kabla ya nembo, usiache mtu akubonyezee F1 kwa haraka. Ikishawaka fungua taminali, weka ile `watch` ya MHz kwenye dirisha moja, kwenye lingine andika `yes > /dev/null &` mara nne ili uipe prosesa kazi, na uangalie kama namba zinapanda na kubaki juu kwa dakika tano, zikipanda halafu zikaanza kushuka taratibu feni imeziba au dawa imekauka, hiyo ni punguzo la bei, zisipopanda kabisa chaja au bodi ina shida. Ukimaliza andika `killall yes`. Halafu fungua programu ya Disks iliyomo humo humo kwenye fleshi, chagua diski, SMART Data, soma. Yote haya ni robo saa. Muuzaji akikukatalia kuingiza fleshi, nenda duka la pili.